Buibui wa Loveness

Tangu wamzike Loveness, mama yake, Adelina, alibaki na tumaini moja tu, nalo lilikuwa ndani ya kichupa cha spiriti: buibui mdogo kama punje ya mchele. Majirani pale Ukonga walimsema weee! Eti mtu kafiwa na binti, anakumbatia madudu. Watu bwana, midomo yao haina kazi. Wangejua alichoahidiwa wangenyamaza.

Loveness alikuwa akisomea buibui chuo kikuu. Huyu alimkuta kwenye kichaka cha bondeni, mwendo kidogo kutoka nyumbani kwao. Alifanana kama shilingi kwa ya pili na buibui mwingine ambaye tayari anajulikana, ila huyu alikuwa na mstari mweupe juu ya macho, na miguu ya mbele haikuwa na pete nyeusi. "Mama, huyu mgeni, hajaandikwa popote," alisema, akamfuga kwenye kikopo. Kisha figo zikamlaza hospitali, hakurudi. Msibani, Rogers aliyesoma naye akamwambia mama: ikithibitika kweli ni mgeni, ataitwa kwa jina la Loveness. Jina la mwanawe lisomwe duniani kote! Adelina alilishika neno lile kwa mikono miwili.

Leo Rogers alikuja na darubini yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Wewe anza kazi, chai inakuja."

Rogers aliinama dirishani penye mwanga, akaangalia muda mrefu. Adelina alisimama na birika mkononi.

"Mstari upo," Rogers alisema. "Na pete kweli hana."

"Si ndiye huyo!"

"Rangi zinadanganya, mama. Buibui wanaofanana hivi tunawatenganisha kwa kigamba kigumu kilicho chini ya tumbo la jike, penye uzazi. Kila aina ina umbo lake."

"Sasa si ukiangalie?"

"Hana. Hajapevuka. Kigamba kinatokea akishajivua ngozi mara ya mwisho." Rogers akainua kichwa. "Kwani alikufaje?"

"Hakufa, baba. Mie ndiye niliyemtia humo. Nilikuwa namlisha inzi kama mwenzio alivyoniagiza. Baada ya mazishi akagoma kula, akajifungia ndani ya utando wake, kimya. Nikasema huyu naye ananiondokea, ataozea kikoponi. Nikamtia kwenye spiriti kama nilivyomwona Loveness akifanya, ili wewe umkute hajaharibika."

Rogers alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kijana wa watu hakujua kudanganya. Laiti angejua!

"Hakuwa anakufa, mama. Wakikaribia kujivua huwa wanaacha kula, wanajifungia. Alikuwa anakua."

Adelina alilitua birika, akakaa sakafuni na khanga yake. Uchungu huu haukufanana na ule wa kwanza. Kwenye ule alimlaumu Mungu, akawalaumu na madaktari. Kwenye huu hakuwa na wa kumlaumu ila mikono yake mwenyewe.

"Hatuwezi kumpata mwingine?" aliuliza baadaye, machozi yakimchuruzika.

"Nimepita bondeni nikija huku. Wameshafyeka, wanachimba msingi. Na kwingine kote nimetafuta tangu msiba, mama. Sijamwona."

"Kwa hiyo jina la mwanangu ndo basi."

Rogers alijikaza kisabuni. Akaanza kuvikusanya vichupa vya buibui alivyoviacha marehemu ili avipeleke chuoni, wanakotunzwa buibui wote. Alipofika kwenye kile chenye yule mgeni, Adelina alinyoosha mkono.

"Chukua vyote. Hicho niachie."

"Chuoni atatunzwa vizuri, mama."

"Hao wengine mna majina yao. Huyu nyie hamtamjua ni nani, na mie ndiye niliyemkatisha. Acha akae na mie."

Rogers hakubishana. Alimwongezea spiriti, akakaza kifuniko, akamkabidhi.