Kipaza Sauti cha Lorene Pruitt

Mgodi ulipolipuka na kumuua Virgil, mumewe Lorene Pruitt, pamoja na wenzake wa zamu, kampuni ilipeleka mashada ya maua ikanyamaza. Lorene hakunyamaza. Kila Jumamosi alisimama kando ya barabara mbele ya ofisi za kampuni, katika mji wao mdogo wa West Virginia, akasoma majina ya marehemu kwa kipaza sauti.

Ukuta kwa ukuta na ofisi hizo palikuwa na nyumba ya kutunzia wagonjwa wasio na matumaini ya kupona. Halmashauri ya mji ikapitisha sheria ndogo: mtaa ule, marufuku vipaza sauti, na marufuku mikusanyiko ya aina yoyote. Lorene akaendelea. Polisi wakampeleka mahakamani. Naye, kupitia wakili wake, Delphine Kessler, akadai sheria yenyewe inavunja katiba, inayolinda uhuru wa kusema.

"Halmashauri wamenunuliwa na kampuni," Lorene alimwambia Delphine. "Wanataka kuniziba mdomo."

"Tukilithibitisha hilo, jaji atawakalia kooni. Serikali haina ruhusa kumbana mtu kwa sababu imechukia maneno yake. Lakini kama inabana kelele tu, za kila mtu, na ina sababu ya maana, mambo yanabadilika."

"Kelele! Jina la Virgil ni kelele?"



Mahakamani, wakili wa mji alionyesha kwamba kanisa lilikatazwa kipaza sauti siku ya Pasaka, na meya mwenyewe kwenye kampeni zake. Kisha akamwita Orrin Tackett, mchimbaji mstaafu. Lorene alishtuka. Orrin alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza la Virgil.

"Mke wangu Imogene alikuwa anakata roho katika nyumba ile ya wagonjwa," Orrin alisema, kofia mikononi. "Alifumbua midomo kuniambia kitu. Nikainama. Sikusikia chochote ila kile kipaza sauti."

Akamgeukia Lorene. "Sina kinyongo nawe, dada. Ila sijui mpaka leo alitaka kuniambia nini."

Lorene aliinamisha kichwa, asikiinue mpaka hukumu.

Jaji aligawa sheria mapande mawili. Marufuku ya vipaza sauti inasimama, alisema, kwani haiulizi mtu anasema nini, inawalinda wanaokufa, na inamwachia Bi Pruitt njia nyingine za kusikika. Marufuku ya mikusanyiko aliitupa: utulivu wa wagonjwa haudai kuwafukuza hata watu waliosimama kimya.

"Nusu tumeshinda," Delphine alinong'ona. "Tukate rufaa kwa iliyobaki?"

"Acha."

Nje, Lorene alimkuta Orrin kwenye ngazi.

"Orrin, laiti ningejua..."

"Ungejuaje? Hata mimi nilikuwa nailaani kampuni moyoni, huku nakulaani na wewe."

Jumamosi Lorene alirudi pale pale, bila kipaza sauti, akasoma majina yale yale. Sauti yake ilikuwa kavu, haikufika hata ng'ambo ya barabara. Wapita njia waliotaka kujua anasema nini walilazimika kumkaribia, na wachache wakamkaribia. Alipofika kwa Virgil, aliyatazama madirisha ya kampuni. Yalibaki yamefungwa. Akalitaja jina la mumewe, polepole, kwa wale waliokuwa karibu.