Swali la Tisa

Fomu yetu ya mapokezi ina maswali kumi na mawili, na mimi nilikuwa najisifu kwamba nayamaliza kwa dakika mbili. Mwenzangu Stovall alinitania, ati mimi, Hotchkiss, nahoji wafungwa kama dalali wa mnada. Nilicheka. Leo utani ule ukinijia kichwani naona aibu.

Majibu ya fomu ile ndiyo yanayoamua mfungwa alale na nani. Aliye katika hatari ya kudhuriwa hawekwi chumba kimoja na mwenye rekodi ya kudhuru wenzake. Ndiyo maana kanuni inataka maswali yaulizwe faraghani, mlango umefungwa. Chumba cha kuulizia tulikuwa nacho, hatua nne tu kutoka kaunta ya mapokezi. Tulikijaza maboksi ya mablanketi na mashine ya kahawa.

Jumatatu moja ya Februari, basi la wafungwa kutoka jiji la Cleveland lilicheleweshwa na theluji. Wanaume kumi na mmoja walishuka saa tisa alasiri, na saa kumi kamili gereza zima huhesabiwa. Hesabu ikichelewa, mkubwa wa zamu anakufokea mbele za watu. Nikawapanga mstari kwenye kaunta.

Wa saba alikuwa Alton Reyburn, fundi saa wa mji wa Lorain, miaka thelathini na minne, mwembamba, mpole. Nilipofika swali la tisa sikupunguza hata sauti.

"Umewahi kufanyiwa ukatili wa kingono, gerezani au kwingine?"

Akageuza shingo kuwaangalia waliokuwa nyuma yake.

"Jibu basi, mrembo, tuna njaa!" mmoja akapaza sauti, na mstari mzima ukaangua kicheko.

"Nyamazeni nyie!" nikawakemea. Kisha nikamgeukia. "Ndiyo au hapana, Reyburn?"

"Afande, lazima nijibu hapa hapa?"

Niliangalia saa ya ukutani. Zilibaki dakika ishirini na tano.

"Si lazima ujibu. Ila nina watu wanne bado wanasubiri. Niandike nini?"

"Andika hapana."

Nikaandika hapana. Na nilijua! Mtu ambaye kweli hayajamkuta haangalii nyuma kabla ya kujibu. Hesabu ilitimia kwa wakati, Stovall akanipigia makofi.

Kwa kuwa fomu ilisema hapana, Reyburn alipangwa chumba na mtu ambaye faili lake lilikuwa na onyo. Siku ya kumi na tisa mtu huyo alimbaka. Reyburn alipelekwa hospitali, yule mwingine akahamishwa na kushtakiwa. Wachunguzi walipoikagua fomu yangu hawakuona kasoro: maswali yote yamejibiwa, sahihi ipo. Hakuna aliyeniuliza nilimhoji wapi, nami sikusema. Hadi leo sijui ni lipi lililo baya zaidi, nililoliandika au nililolinyamazia.

Siku thelathini zikipita, kila mfungwa huulizwa upya. Ilipofika siku ya Reyburn, aliyekuwa ametoka hospitali, ningeweza kumwachia Stovall. Badala yake, asubuhi ile niliyatoa maboksi yote mwenyewe, nikaitoa na mashine ya kahawa, nikaweka meza na viti viwili. Reyburn akaletwa. Nikafunga mlango.

Aliketi polepole, akazitazama kuta.

"Afande, hiki chumba kimejengwa lini?"

"Kipo siku zote."

"Hata siku ile?"

"Hata siku ile." Nikaketi mkabala naye. "Nisamehe, Reyburn. Niliona unataka kusema. Nilikuwa na haraka zangu, nikakuziba mdomo."

Reyburn aliisogeza fomu iliyokuwa mezani kwa kidole mpaka ikafika mbele yangu.

"Uliza."

Nikauliza la kwanza, la pili, taratibu, mpaka la tisa. Nililitamka kwa sauti ya chini kabisa: amewahi kufanyiwa ukatili wa kingono?

Safari hii hakugeuza shingo. Alinitazama mimi.

"Upi, afande? Ule wa zamani, au huu wako?"