Salamu za Mama Cornelia

Kija hakupenda maneno ya kuzunguka. Kwenye duka la pembejeo alikokuwa akiuza mbegu, mjini Sumbawanga, mteja akianza na habari za shangazi yake kabla ya kutaja anachotaka, Kija alikuwa ameshafungua mfuko anamsubiri. Kwa hiyo alipoamua kuanzisha podikasti ya wakulima wa Ufipa, alitaka ianze leo, na ikiwezekana iwe imeanza jana.

Kilichomchelewesha ni programu ya kurekodia na kuhariri sauti. Huko mtandaoni kila mtaalamu alisifia ya kwake. Ya kwanza ilikuwa nzuri kweli, ila ilitaka kulipwa kwa dola kila mwezi, na Kija akaifunga kwa heshima zote. Ya pili, Audacity, ilikuwa ya bure, na mchumba wake Vitus, fundi simu wa pale stendi, alishaiweka kwenye laptopu yake kuukuu. Kija alipoifungua akakuta mistari na vitufe vingi hadi macho yakamuuma. Ya tatu ilikuwa programu ndogo ya simu: kitufe chekundu cha kurekodi, kamkasi ka kukatia, basi.

"Chukua ya laptopu," Vitus alimshauri. "Hii ya simu ukikata ukahifadhi, ndiyo imetoka hiyo. Ile unabana tu mwanzo au mwisho wa sauti, kilichofichika kinabaki palepale. Kesho ukijuta unakivuta kinarudi."

"Mimi nijute nini?"

Vitus akarudi kwenye simu aliyokuwa akiitengeneza. Alimpenda akijua anampenda nani.

Mgeni wa kwanza wa podikasti alikuwa Mama Cornelia wa Kasense, ambaye ulezi aliolima ulisifiwa mpaka mjini. Ndiye pia aliyemzaa Vitus, na hapo ndipo penye jambo. Kija hakuwa Mfipa kama wao bali Msukuma wa Mtowisa, kule bondeni kwenye joto, ambako wazazi wake walihamia na ng'ombe zao. Kila alipopanda Kasense, Mama Cornelia alimlisha akashiba, na Vitus akigusia habari za ndoa, mama alijibu, "Tutaona." Bila neno lake hakuna mjomba ambaye angeshuka Mtowisa kwenda kuposa. Kija alimtaka Vitus kwa moyo wake wote, na akapiga hesabu kwamba mama akisikika na kusifiwa kila nyumba, huenda moyo wake ukalainika.

Walirekodia ghalani, katikati ya magunia, maana nje upepo wa Ufipa ulikuwa unapiga mluzi ndani ya simu. Mama Cornelia alivaa kitenge kipya, ingawa aliambiwa hakuna atakayemwona. Akakohoa kidogo, akasema, "Tumsifu Yesu Kristo," akasubiri kama aliyekuwa anaitikiwa, kisha akasalimia: majirani, paroko, wagonjwa, waliofiwa, walio safarini Kasesya mpakani. Akauliza hali za watoto na za mifugo. Ndipo akaingia kwenye ulezi.

Kija aliporudi nyumbani alimkumbuka mwalimu mmoja aliyemwona kwenye video mtandaoni, aliyesema: msikilizaji asiposhikwa mwanzoni anaondoka. Akachukua kale kamkasi ka kwenye simu, akakata salamu zote, akahifadhi. Sasa kipindi kilianza moja kwa moja: "Ulezi hautaki mtu mvivu." Kija akakiona kimenyooka, akakituma kwenye makundi yote ya WhatsApp ya Kasense.

Jumapili baada ya misa, jirani yao Gaudiosa alimsimamisha Mama Cornelia mlangoni pa kanisa, mbele za watu.

"Mama Vitus, jana umeingia kwangu kwa njia ya simu. Hukupiga hodi, hata Tumsifu hukuniambia, ukaanza kunisema uvivu. Nimekukosea nini?"

Watu walicheka. Mama Cornelia hakucheka.

Vitus alizipeleka habari hizo dukani.

"Mama mwenyewe anasemaje?" Kija aliuliza.

"Hajasema kitu. Anapepeta ulezi tu."

Kija akaingiwa na hofu, na nyuma ya hofu ikaja aibu, ambayo ilikuwa kali zaidi. Yeye, binti wa mzee ambaye humsalimia mgeni mpaka chai inapoa, ndiye aliyemwingiza mtu mzima kwenye nyumba za watu kama mwizi. Akafungua simu azirudishe zile salamu, akatafuta kila mahali. Maji yakimwagika hayazoleki. Vitus hakusema "nilikuambia". Alilisema kwa nyusi tu.

Kesho yake Kija alipanda Kasense na laptopu mgongoni. Akamkuta mama uani na ungo wake, akapiga goti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo umekumbuka."

"Nimekosa, mama. Nilizikata salamu zako. Nilidhani watu wanataka ulezi tu."

Mama Cornelia akapepeta kidogo. "Nyie Wasukuma nasikia mnasalimiana mpaka ng'ombe wanakwenda mtoni wanarudi. Wewe nani alikufundisha haraka?"

"Mtu mmoja wa mtandaoni."

"Huyo mtu ana mama?"

Kija akashusha laptopu mgongoni. Akasema, "Naomba tuanze upya. Nimekuja na programu isiyopoteza kitu."

Mama akaweka ungo chini, akaenda kuvaa kile kitenge.

Ghalani, mistari ya kwenye laptopu ilianza kuchezacheza. Mama Cornelia akasema Tumsifu, akasalimia majirani, na akamtaja Gaudiosa kwa jina, tena kwa sauti ya juu. Akamsalimia paroko, wagonjwa, wafiwa. Kija alidhani amemaliza. Hakuwa amemaliza.

"Nawasalimu na ndugu zangu wa bondeni, Mtowisa. Namsalimu baba yake Kija na mama yake Kija. Habari za joto huko? Ng'ombe hawajambo? Mkwe wangu ninaye hapa, ni mzima, mbio zake tutazipunguza. Tukimaliza kupura ulezi tunashuka kuwapigia hodi. Sisi hatuingii nyumba ya watu kimyakimya."

Mistari ikalala, Kija akainamisha uso. Mama akamgusa bega.

"Binti, itikia. Salamu huitikiwa."

"Zimefika, mama," Kija akasema, na machozi yakamtoka ya furaha tupu.

Jioni Vitus alikaa pembeni yake mbele ya laptopu. "Haya, unakata wapi?"

Kija alibana sehemu moja ya mwisho, pale alipopenga kamasi, nayo ikafichika bila kufutika. Salamu hakuzigusa. Akamtumia baba yake kwanza kabla ya mtu mwingine yeyote.

Mzee alipiga simu kabla kipindi hakijaisha. Alimsalimia Kija, akamsalimia Vitus, akamsalimia Mama Cornelia na watu wa Kasense wote, akauliza habari za baridi, za ulezi na za upepo, na salio likaisha kabla hajafika kwenye jambo lenyewe. Baadaye ukaingia ujumbe wake: "Waje tu."