Injini ya Lita Moja

Wachuuzi wa mafuta ya mawese walimwonya dereva wao, Constantin, mbele ya mkewe, Domitille.

"Papa Constantin, camionnette yako inapanda mulima sawa muzee wa asthme, pumzi hana," alisema Georgette, mkubwa wao. "Ya Floribert inafika Bukavu soko likifunguliwa. Ukichelewa tena, tunahamia kwake."

Wenzake wakacheka. Constantin hakucheka. Bila wanawake hao gari lake lilikuwa bati tu, na nyumbani hapakuwa na kipato kingine.

Akaenda kwa fundi Adalbert. Injini ya Floribert ilikuwa ya lita mbili, yake ya lita moja.

"Lita moja iko lita moja, papa," Adalbert alisema. "Pistoni inavuta kidogo, inasukuma kidogo. Unataka nguvu za farasi? Ununue injini kubwa."

"Nitaitoa wapi, mu Zaïre hii?"

"Basi hii ndogo tuilazimishe."

Adalbert alikwangua kifuniko cha silinda mpaka nafasi ya kuchomea mafuta ikawa finyu, mlipuko ukasukuma kwa nguvu zaidi. Akafunga kabureta pana na bomba la moshi lililo wazi.

"Umepata farasi kama kumi juu ya wale wa zamani," alisema. "Lakini sasa inadeka. Essence safi tu, petroli isiyo na kitu ndani. Ukichanganya na pétrole, yale mafuta ya taa, itajigonga mpaka ife."

Siku ya soko Constantin, Domitille na wachuuzi walitoka Bunyakiri na mzigo kamili. Kwenye mlima wa msituni walimpita Floribert, wanawake wakipiga makopo yao ya mawese.

"Tia moto, Papa! Leo muzee amepona!"

Constantin alitabasamu kwa mara ya kwanza mwezi ule. Katikati ya mlima essence ikaisha. Domitille akatoa jerikeni la akiba chini ya kiti, Constantin akamimina haraka, wakaendelea.

Punde injini ikaanza kugonga kama mtu anayepigilia misumari. Akapunguza mwendo. Moshi mweupe ukatoka, pistoni ikapasuka, gari likasimama.

Alinusa jerikeni.

"Uliweka pétrole humu?"

"Nusu kwa nusu, sawa siku zote," Domitille alisema. "Essence iko ya shida. Injini haikukataa hata siku moja."

Ilikuwa kweli. Miaka yote injini ile dhaifu ilikunywa chochote ilichopewa. Constantin alikuwa amemsimulia mkewe habari za farasi kumi kila jioni, lakini hakumwambia wanakula nini.

Floribert akafika. Makopo yakahamishwa bila kelele.

"Pole, Papa," Georgette alisema, akitazama pembeni. "Soko halitungoji."

Gari la Floribert likaondoka. Constantin na Domitille walilisikia kona baada ya kona, mpaka msitu ukalimeza.

"Pistoni ingine itapatikana?" Domitille aliuliza.

"Haiko Bukavu. Haiko hata Goma."

Domitille akaketi kando ya barabara, akaanza kusugua jerikeni kwa kitenge chake, ndani na nje, kana kwamba harufu ile ingetoka.