Kitabu cha Dainess

Mwalimu Telesia alikuwa na ugonjwa mmoja wa walimu: aliamini hakuna jambo lililo gumu kusema ambalo kitabu hakiwezi kukusemea. Mtoto akiiba penseli, anamtafutia hadithi ya mwizi. Wawili wakishikana mashati, anawasomea kisa cha majirani waliogombea mpaka wa shamba. Kwa hiyo mfanyabiashara mmoja wa mbao, aliyesoma pale zamani, alipoahidi kuiletea shule vitabu arobaini na filamu za kutazama kwenye runinga ya ofisini, kazi ya kuchagua ilimwangukia Telesia na hakuna aliyeshangaa. Shule yenyewe ipo pembezoni mwa Makambako, upande wa Mahongole. Maktaba ilikuwa stoo ya majembe iliyopakwa chokaa.

Ukweli ni kwamba Telesia alikuwa akitafuta kitabu kimoja tu. Vile thelathini na tisa vingine vilikuwa vya kukisindikiza.

Mambo yalianza Februari, siku Bibi Oktavia alipokuja shuleni akamvuta nyuma ya jiko la uji. Alikuwa akimlea mjukuu wake Dainess, wa darasa la tano, tangu mama yake mtoto alipofariki. Shule nzima ilijua kwamba Dainess ana kifua, ndiyo maana kila mara huombewa ruhusa ya kwenda kliniki Ilembula. Siku hiyo bibi aliutoa ukweli kwa sauti ya chini sana: mtoto alizaliwa na virusi, na mwenyewe hajui. Ameambiwa vidonge ni vya kifua. Sasa ana miaka kumi na mmoja, kifua hakimuumi hata kidogo, na ameanza kuuliza maswali. Wiki hiyo bibi alipokuwa akianika godoro alikuta vidonge tisa chini yake.

"Mimi nimejaribu kumwambia, mdomo unagoma," Bibi Oktavia alisema. "Ninyi mnajua kusema na watoto. Tafuta namna umwambie wewe, mwalimu. Ila liwe langu na lako."

Telesia aliahidi, na aliahidi kwa moyo wote. Mara ya kwanza alimwita Dainess wabebe pamoja madaftari, wakafika ofisini, mtoto akasimama akisubiri, na Telesia akamuuliza kama amekula. Mara ya pili alimuuliza habari za kazi ya nyumbani. Mara ya tatu haikuwepo. Alijiambia kwamba jambo zito namna hii linahitaji njia nzuri ya kuliingia, na njia nzuri, kwa mtu aliyekuwa na ugonjwa wake, ilikuwa hadithi.

Ndipo Juni, baridi ikiwa imeshika kweli, akaenda Njombe kuchagua vitabu. Alishinda dukani kutwa nzima na koti lake mwilini. Alikipata mchana, kwenye rafu ya chini, kimebanwa na atlasi mbili. Kilikuwa chembamba, cha msichana anayemeza kidonge kila siku na kukichukia, akaacha, akaugua, nesi akakaa naye chini akamweleza yote, na mwisho wa kitabu ni mwanamke mzima anayeendesha basi. Telesia alikisoma amesimama, akakirudia. Muuza duka alimwona anafuta macho, akamletea kigoda bila kuuliza kitu.

Angeweza kukichukua kile kimoja akampe Dainess mkononi siku ileile. Alilifikiria hilo palepale dukani, akalikataa. Mtoto akipewa kitabu kama hicho peke yake atajua kimemlenga, ataumia. Bora kikae rafuni kati ya wenzake, akiokote mwenyewe siku anayotaka, akielewe taratibu. Hoja ilikuwa safi, haina doa. Mimi nasema ilikuwa woga uliovaa nguo za kanisani.

Basi akakiandika kwenye orodha, namba thelathini na tisa, na duka likamwazima nakala za vile ambavyo kamati ya shule ingetaka kuvishika kwanza. Kamati ilikaa Jumanne ofisini kwa mwalimu mkuu. Mwenyekiti alikuwa Baba Kristofa, mkulima wa viazi, mtu mwema na msomaji wa taratibu. Walianza kwa bidii kubwa. Hadithi ya sungura anayeibia mtihani ilikatwa, isije ikawafundisha watoto. Filamu ya nyani waliovaa suti ilijadiliwa nusu saa, ikapita shingo upande. Kitabu cha kompyuta kilipita haraka ingawa shule haina kompyuta, kwa sababu hakuna aliyetaka kuonekana mshamba.

Walipofika namba thelathini na tisa, Baba Kristofa alisoma maneno ya nyuma ya jalada, akakiweka mezani mbali kidogo na mkono wake. Alisema watoto wa darasa la tano wasome habari za wanyama na nyota. Alisema watu wa Njombe wamesemwa vya kutosha kwa ugonjwa huu, redioni na magazetini, na sasa eti tuufungulie na mlango wa maktaba. Wenzake waliguna kukubali. Mwalimu mkuu alikwisha kushika kalamu kukata.

Telesia aliona miezi yote ya Februari hadi Juni inakwenda na mstari mmoja wa wino. Akasimama.

"Kuna mtoto hapa shuleni anaficha vidonge chini ya godoro," alisema. "Bibi yake amenililia. Mkikikata hiki, mnamkata yeye."

Hakutaja jina. Hata baadaye alijishika sana na hilo, kwamba hakutaja jina. Lakini waliokaa mle ni watu wa mtaa mmoja, wanaosali pamoja na kuazimana chumvi. Wanajua nani analelewa na bibi, na nani kila mara anaonekana asubuhi stendi akingoja gari la Ilembula. Mama mmoja mwenye mtoto darasa la tano aliinua macho darini, akakaa hivyo muda mrefu. Kisha Baba Kristofa, kwa sauti ya upole kabisa, akasema basi kipite.

Kikapita bila pingamizi. Telesia alirudi nyumbani akiimba, akapika viazi vya kutosha watu wanne ilhali anaishi peke yake.

Jumatano Dainess alikuta mwenziwe wa dawati amehamia dawati la nyuma. Saa nne, uji ulipotoka, wasichana aliozoea kunywa nao walishika kila mmoja kikombe chake kwa mikono miwili. Watoto hawakubuni hayo. Usiku wa kuamkia siku hiyo waliambiwa majumbani kwao, kwa nia njema, wawe waangalifu. Telesia aliyaona yote kutoka dirishani, lakini alijidanganya kwamba huenda ni ugomvi wa watoto. Alhamisi bombani msichana mmoja alimwambia Dainess asiguse koki kabla wenzake hawajamaliza, na alipouliza kwa nini, alijibiwa. Alitajiwa ugonjwa kwa jina lake, na kwamba ndio uliomuua mama yake, na kwamba hata mwalimu alisema kwenye kikao.

Vitabu vya maktaba vilikuwa bado viko Njombe, havijafungwa hata kwenye maboksi.

Ijumaa Bibi Oktavia alikuja tena nyuma ya jiko. Telesia alimwamkia, naye akaitikia, maana adabu ni adabu. Hakugomba. Ingekuwa nafuu kama angegomba. Alisema tangu jana mtoto hajameza hata kimoja. Anasema mama yake alivimeza vilevile na akafa, sasa vya nini. Alisema kesho anampeleka Ludewa, ziwani, kwa mjomba wake anayevua, kwa sababu hapa hataweza kusoma tena. Telesia aliuliza, kwa sauti ambayo hakuijua ni yake, kama mjomba atamsimamia dawa na kliniki.

"Mjomba wake hajui," bibi alisema, "na simwambii. Nilimwambia mtu mmoja tu duniani, mwalimu. Nimejifunza."

Jumamosi asubuhi Telesia alikuwa stendi ya Makambako kabla ya basi kufika, na nakala ile ya dukani ndani ya mfuko wa koti. Dainess alikuwa ameketi juu ya begi, amevaa sweta la shule kwa sababu hakuwa na jingine zito. Bibi alisogea kando kwenda kuulizia tiketi, au kuwaachia nafasi. Telesia alichuchumaa, akatoa kitabu. Mtoto alikipokea kwa mikono miwili kama alivyofundishwa, akasoma jalada mbele, akakigeuza akasoma nyuma, akakirudisha.

"Nimeshaambiwa," alisema.

Akatazama chini kidogo, kisha akainua uso.

"Na wewe mwalimu ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Tangu lini?"

"Februari."

Dainess alihesabu kwa vidole juu ya goti, mwezi hadi mwezi, hana haraka.

"Ungeniambia wewe," alisema, "ningeamini."

Basi likafika. Hapo ndipo Telesia aliposema, pale chini kwenye vumbi, kondakta akipiga ubavu wa basi, watu wakiwaruka na mizigo yao. Alisema yote. Kwamba mama yake alichelewa kuanza dawa, ila yeye hakuchelewa. Kwamba akimeza kila siku atakua, atasoma, atazeeka, ataolewa akitaka na kuzaa watoto wazima. Kwamba hana kosa lolote. Maneno yalitoka mepesi, ya Kiswahili cha kawaida, hayakuzidi dakika mbili, na hakuna hata moja alilohitaji kulifuata Njombe.

Dainess alisikiliza mpaka mwisho, mikono nyuma.

"Ndiyo, mwalimu," akasema.

Ilikuwa ile ndiyo ya darasani, ambayo mtoto humpa mwalimu ili somo liishe.