Masista wa Mama Katungu

Masika wa mtaa wa Ndosho hakuwa mwongo, ila alikuwa na uongo mmoja aliouchunga kuliko maharagi yake ya kuuza. Akiulizwa nani anamlipia ada bintiye Katungu, aliyekuwa mwaka wa mwisho wa uuguzi, alijibu: "Masista." Masista gani, hakuna aliyewahi kuwaona.

Ukweli ni kwamba miezi minane nyuma, ada ilipomkaba koo, alikwenda kwa Grégoire, muuza vocha za simu anayekopesha watu kwa riba ya kutisha. Alichukua dola mia tatu, akaweka rehani karatasi za kiwanja cha mtaa wa Katoyi, kitu pekee marehemu mumewe alichowaachia. Kila tarehe mosi alipeleka riba ya dola sitini, na zile mia tatu zikabaki palepale. Mwezi atakaoshindwa, kiwanja kitakwenda.

Njia ya kutoka ilikuwepo. Kikundi chake cha akina mama, wanaoweka akiba kila Jumapili baada ya misa, humkopesha mtu mara tatu ya akiba yake kwa riba ya asilimia tano tu. Masika alikuwa amefikisha akiba ya dola mia miezi mitano nyuma. Angekopa huku, amlipe Grégoire yote, arudishiwe karatasi zake. Lakini anayekopa husimama mbele ya wote akataja kiasi na sababu. Na hapo ndipo uongo wa masista ulipomkwamisha.

"Tungojee umalize," alimwambia Katungu. "Ukipata kazi tutamulipa Grégoire, bila mutu kujua."

Katungu alikuwa anafua blauzi yake nyeupe ya hospitali. "Mpaka pale ni miezi sita, Mama. Soixante ya riba mara sita ni trois cent soixante, inapita ile deni yenyewe. Ile siri yako inakula kuliko mimi."

Masika akamwambia aache mdomo. Kisha akahesabu kwa vidole, akarudia, labda vidole vingemwonea huruma. Havikumwonea.

Jumapili, uani kwa Mama Uwamariya, mwenyekiti wa kikundi, wanawake watatu walifungua sanduku la akiba, kila mmoja na ufunguo wa kufuli yake. Masika akasimama.

"Ninaomba trois cent, dola mia tatu nzima," alisema. "Juu ya masomo ya Katungu. Masista hakuna. Nilikopa kwa Grégoire."

Halafu Mama Uwamariya akacheka mpaka akashika kilemba.

"Mama Katungu! Kila tarehe moja unafunga meza ya maharagi, unavaa kikwembe ya misa, unaingia kwa Grégoire, unatoka bila hata vocha moja. Unafikiri hatuna macho?"

"Mulikuwa munajua?"

"Tangu zamani," alisema Ernestine, mmoja wa wenye funguo, huku akihesabu noti. "Lakini sheria yetu inakataza kumusukumia mutu mukopo. Tangu akiba yako ifike dola cent, kila Jumapili ninaleta huu ufunguo nikisema, leo atasimama."

Miezi mitano! Mitano mara sitini, dola mia tatu, kiasi sawa na deni zima, kilicholiwa na aibu. Mficha uchi hazai, na Masika alikuwa ameuficha kwa bei ghali. Alilia pale pale, kwa uchungu, na kwa furaha pia, kwa sababu sasa kiwanja kingerudi.

Jumapili iliyofuata alikuja na karatasi zake ndani ya mfuko wa plastiki, akazionyesha kwa kila mtu, hata kwa waliokwisha kuziona. Mama Uwamariya akauliza kama kuna mwingine anayeomba mkopo.

Nyuma kabisa akainuka Nyiramahirwe, muuza makaa mwenye maringo, ambaye miaka yote amejivunia kaka yake wa Kigali anayemsomesha mwanawe Rodrigue. Alitazama chini.

"Ule kaka yangu ya Kigali," alisema, "ni wa ukoo mumoja na masista ya Mama Katungu."

Safari hii hakuna aliyecheka. Masika alisogea kwenye benchi, akampisha akae karibu naye.