Kitabu cha Njano Nyuma ya Sheria

Kila mji ninaofika, kabla sijatafuta pa kulala, natafuta maktaba ya umma. Si kwamba mimi ni msomi. Shule nimeisoma vipande vipande, mwaka hapa, miezi kule. Lakini maktaba ina kiti, ina gazeti, na hakuna anayekuuliza umetoka wapi. Hii ninayoisimulia nilikaa nayo msimu mzima wa mvua, na mvua siyo iliyonishika. Nilitaka kuona yule mkutubi wake ataishia wapi.

Alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, anayesema na kompyuta yake kama mtu anayembembeleza mtoto ameze dawa. Kompyuta ilikaa kaunta, kati ya muhuri na makabati ya kadi za zamani. Alijifunza mwenyewe, baada ya saa za kazi, kutengeneza ukurasa wa maktaba kwenye mtandao, akaingiza humo vitabu vyote kimoja kimoja. Ukiwa nyumbani na simu yako unatafuta kitabu, unaona kama kipo, unabofya uwekewe, ukifika unakikuta kaunta. Tena kila asubuhi alipiga picha rafu moja, akaipakia na maneno mawili matatu ya kuwavuta watu. Leo ushonaji, kesho safari. Wasomaji wa ukumbini walimtania kwamba anavitafutia vitabu wachumba.

Aliyemtetea kwenye utani huo ni Mzee Randa, babake mzazi, fundi seremala aliyestaafu. Alikuja kila siku, akaketi meza moja nami, tunatazamana, gazeti kalifungua upana wote mpaka humwoni uso. Nilidhani ni mtu wa siasa sana.

Asiyecheka kabisa alikuwa mkuu wa idara. Walimwita Bwana Takwimu, kwa sababu ukimwambia watoto hawajambo, anakuuliza ni wangapi. Yeye ndiye aliyetoa ruhusa ya ukurasa ule, kwa majaribio. Ukileta wasomaji, uendelee. Ukileta ugomvi, kompyuta ishuke ghorofa ya chini kwa watu wa ofisi ya leseni, ambao walikuwa wameitolea macho zamani, na maktaba irudi kwenye kadi zake. Mkutubi alijua amekalia kuti kavu.

Ugomvi wenyewe ulikuja na mvua. Binti mmoja, mwanafunzi wa ukunga anayekaa nje kabisa ya mji, aliona kwenye ukurasa kwamba kile kitabu kikubwa cha mimba na uzazi kipo. Akabofya. Akapanda basi, akabadilisha basi, akafika kalowa chapachapa. Mkutubi alikuwa hajamwekea bado; akaenda rafuni, hakipo. Akatafuta rafu ya juu, ya chini, kwenye kigari cha vitabu vilivyorudishwa, patupu. Kwa kompyuta kipo, kwa macho hakipo. Binti alikuwa na mtihani mbele yake na hakuna duka mjini lenye kitabu kile. Hakugomba. Aliomba radhi kwa kulowesha sakafu, akaenda zake. Alipofika kwao ndipo alipoandika kwenye ukurasa, hadharani, kwamba mtandao wa maktaba ni muongo na umempotezea siku nzima.

Bwana Takwimu aliyasoma maneno hayo kabla ya mkutubi. Akapanda ngazi, akasimama mbele yetu sote, akasema kitabu kile kisipoonekana kufikia Ijumaa, basi kompyuta inashuka. Yule mama alipanga mihuri yake, akaipangua, akaipanga tena.

Kesho yake asubuhi alipiga picha kama kawaida. Mimi niliona ni ukaidi. Safari hii alichagua rafu ya sheria, yale majuzuu meusi ambayo hata mawakili wakija huyaegemea tu, akaandika chini yake: "Hawa sura zao ngumu, ila roho nzuri." Mpaka mchana hakuna aliyejibu. Kisha likaingia jibu moja, la yule mwanafunzi. Inaonekana aliivuta ile picha kwa vidole mpaka ikawa kubwa, labda kwa hasira, labda kwa kukosa la kufanya. Aliuliza, nyuma ya hayo majuzuu kuna kitu cha njano, ni nini?

Mkutubi aliyasoma maneno yale kwa sauti. Akaenda, akapitisha mkono nyuma ya sheria, akatoka na kitabu kinene cha njano, kilekile cha mimba na uzazi.

Hapo ndipo mimi mgeni nilipoijua desturi ya ukumbi ule. Vitabu vingi pale ni vya kusomea humohumo, havitoki. Msomaji akifika katikati na jioni imeingia, anaogopa kesho atakikuta mikononi mwa mtu. Basi anakilaza. Ndivyo walivyosema, kukilaza kitabu: unakificha mahali pasipoguswa na mtu, kesho unakiamsha. Ukumbi wote ulijua hilo isipokuwa mtu mmoja, aliyekuwa upande wa pili wa kaunta na hakuwahi kuhitaji kulaza kitu. Mlangoni kulikuwa na tangazo kwamba anayeficha vitabu atafukuzwa asirudi, na kila mtu alipita chini yake kila siku na uso mkavu.

Mkutubi alikifungua. Katikati palikuwa na penseli bapa ya seremala, imechongwa kwa patasi. Aliitazama muda mrefu. Penseli za namna hiyo alizikuta nyumbani kwao siku aliyozaliwa.

Mlinzi wa mlangoni, waliyemwita Afande, akauliza kwa sauti ya kazi nani aliyefanya hivyo. Mbele yangu gazeti la Mzee Randa lilipanda juu kidogo.

Yule mama alikuja mezani kwetu, akavuta kiti karibu na babake. Alisema chini chini, lakini meza ilikuwa ndogo.

"Baba, ungeniambia tu. Ningekuwekea mwenyewe."

"Nikwambie nini? Kwamba mzee mzima, mvi mpaka masikioni, nasoma mambo ya leba?"

"Nani angekucheka?"

"Wewe wa kwanza." Gazeti likashuka. "Mdogo wako amekaribia kujifungua, na mama yenu angekuwepo nisingekigusa hicho kitabu. Ananipigia simu, baba miguu imevimba. Namwambia pole. Anapiga tena, namwambia pole. Mimi najua mbao, mwanangu. Sina lingine la kumwambia."

Mkutubi aliinuka na kile kitabu, akarudi kwenye kompyuta, na mimi nikajua yuko njia panda. Akimtaja mzee, tangazo la mlangoni linamhusu. Asipomtaja, Bwana Takwimu atasema ukurasa ni muongo na aliyeutengeneza hana maelezo.

Alibofya weee, akafuta, akabofya tena. Alipomaliza alitutangazia kwa mdomo kile alichokiandika. Kuanzia siku hiyo ukurasa una kitufe kipya, kinaitwa Naendelea Nacho. Ukiwa katikati ya kitabu, unakibonyeza, unajipa jina lolote upendalo, na kitabu kinabaki kwenye rafu ya kaunta mbele ya macho ya watu. Mwingine akikitaka ataona nani anacho, waandikiane, wapeane zamu. Na vitabu vilivyolala popote viletwe leo hii, hakuna atakayeulizwa.

Kisha fundi cherehani mmoja, mtu mzito, alipanda juu ya kiti, akatoa kitabu juu ya kabati la magazeti. Mwalimu mstaafu akachomoa viwili nyuma ya kamusi, akavifuta vumbi kana kwamba ndiyo kwanza anaviona. Baada ya hapo ikawa kama watu wanaotoka kuoga, kila mmoja na chake. Wa mwisho alikuwa Afande. Aliinama chini ya meza ya mikoba, akaibuka na kitabu cha ufugaji wa kuku, akakiweka kaunta huku anatazama ukuta. Fundi cherehani alimuuliza kama kuku wake wamefaulu. Hata mkutubi alicheka, mara ya kwanza wiki ile.

Ijumaa mkuu alikuja na uso wake wa kushusha kompyuta. Alikuta kaunta imejaa vitabu, na vingine katika hivyo yeye mwenyewe alikwishavitia sahihi kwamba vimepotea. Akauliza kitabu cha njano kilifichwa na nani.

"Ni baba yangu," mkutubi alisema. "Tangazo la mlangoni nalijua. Lakini ukimtoa yeye, utoe na ukumbi mzima. Na ukimtoa Afande, sijui nani atafunga mlango."

Afande alikuta kitu cha kukagua kwenye kitasa.

Bwana Takwimu alianza kuhesabu vile vitabu kwa kidole, midomo ikicheza, akarudia tangu mwanzo, na nikaona uso unamlegea mwenyewe bila ruhusa yake. Mwisho alisema ukurasa uendelee mpaka mwaka uishe, halafu wataona. Kwenye ngazi alisimama, akageuka, akasema hicho kitufe kipya anataka kujua kinabofywa na wangapi.

Mwanafunzi wa ukunga alifika mchana, safari hii mkavu. Alimkuta Mzee Randa amekaa kando ya kitabu kama mtu anayelinda mzigo wa watu. Mzee akamsukumia. Binti akasema wakisome wote, yeye atasoma kwa sauti na mzee amsikilize kama mtahini. Hawakumaliza ukurasa. Mzee aliuliza la miguu, na binti naye akamuuliza: kichwa kinamuuma? Uso je, umevimba? Akamwambia wazi kwamba mara nyingi ni mimba tu, ila kipimo cha presha ndicho kinachojua, mjamzito aende kliniki leo, asingoje kesho. Mzee alitoka kwenye varanda kupiga simu. Kupitia mlango tulimsikia anasema mambo mengi, na katika hayo yote hapakuwa na pole hata moja.

Aliporudi alimwambia bintiye amwandikishe kwenye kile kitufe. Mkutubi akamuuliza jina gani, akidhani ni Randa.

"Andika Babu Mtarajiwa," mzee alisema, na hakuangalia kama kuna anayecheka.

Jioni, yule binti akiwa kwenye basi, lalamiko lake lilibadilika. Mkutubi alitusomea. Liliandikwa kwamba kitabu kimepatikana, anakisoma pamoja na mwenzake, ila mwenzake anageuza kurasa polepole mno.

Mzee Randa alitaka ajibiwe papo hapo. Bintiye akamwachia kiti. Alitafuta herufi kwa kidole kimoja, moja baada ya nyingine, akimkataza mtu yeyote asimsaidie. Ukumbi ulitakiwa kufungwa, na Afande, funguo mkononi, alikuja akasimama nyuma yake kusubiri afike kwenye nukta.